Kuzuia maambukizi ya kidonda katika upasuaji wa kubadilisha nyonga na goti: mwongozo kamili, kuanzia kliniki hadi siku ya 90

Kiungo bandia hakina mishipa ya damu, na shida yote inaanzia hapo. Chembe nyeupe husafiri kwa damu, antibayotiki nazo husafiri kwa damu. Bakteria wakishatua juu ya chuma au plastiki hujishika, huzaana, kisha kundi zima hujifunika utando. Ndani ya utando huo wanastahimili dozi ambazo zingewamaliza wangekuwa wanaelea tu kwenye damu. Mwaka 1957 Elek na Conen, wakifanya majaribio kwa watu waliojitolea, walionyesha kwamba kutunga usaha kwenye ngozi tupu kulihitaji mamilioni ya bakteria aina ya Staphylococcus, lakini palipokuwa na uzi wa kushonea walitosha mamia tu. Na huo ni uzi mmoja, sembuse nyonga nzima.

Kwa wanaobadilishiwa nyonga au goti kwa mara ya kwanza, maambukizi ya kina huwapata takriban 1 hadi 2 kati ya kila 100. Kwa upasuaji wa kurudia idadi hupanda. Anayepatwa hufunguliwa tena, mara nyingine kiungo hutolewa, anakaa wiki kadhaa akichomwa dawa, ndipo awekewe kingine. Wapo wanaopoteza mguu na wapo wanaofariki.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wauguzi, matabibu, madaktari na wataalamu wa usingizi. Mgonjwa anayesubiri tarehe yake atafaidika na hatua tatu za mwanzo na zile za wodini na nyumbani. Nimezipanga hatua kwa mfuatano wa siku, lakini uzito wake haulingani. Nikiambiwa nichague tatu tu za kusimamia kwa nguvu zote, nitachagua saa ya antibayotiki, ngozi ya mgonjwa, na kidonda kinachovuja wodini. Zote tatu ni za bei nafuu, na ndizo zinazopuuzwa huku mabishano yakiwa juu ya kofia zenye feni wanazovaa wapasuaji.

Hatua ya 1: Kliniki, wiki nne hadi nane kabla

Goti lililochakaa halina haraka. Ukiacha mtu aliyevunjika shingo ya paja, ambaye kumchelewesha kuna madhara yake, karibu kila mgonjwa wa kubadilishiwa kiungo anaweza kusubiri wiki kadhaa ili mwili wake uwekwe sawa. Kuahirisha si kumnyima huduma. Mweleze hivyo waziwazi, maana wengi huondoka kliniki wakidhani wamekataliwa.

Anza na sukari. Pima HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu, kwa mwenye kisukari, na pia kwa yule ambaye hajawahi kupimwa, kwa sababu wapo wanaogunduliwa siku hiyo hiyo. Vituo vingi huweka mpaka kati ya asilimia 7.5 na 8. Aliye juu ya hapo arudi kwa daktari wake wa kisukari kwanza. Ila usiing'ang'anie namba hadi umnyime upasuaji mtu ambaye sukari yake imeshuka vizuri na inaendelea kushuka: HbA1c husimulia miezi mitatu iliyopita, wakati kidonda kitapambana na sukari ya wiki hii.

Sigara ikomeshwe angalau wiki nne kabla, na isirudi mpaka kidonda kipone. Nikotini hubana mishipa midogo, hewa ya kaboni monoksaidi hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, na ngozi iliyoshonwa hukosa chakula. Pombe nyingi nayo ipunguzwe mapema, si siku ya kulazwa.

Lishe husahaulika zaidi kwa wagonjwa wanene. Mtu anaweza kuwa na kilo 110 na bado albumini yake, yaani protini ya damu, ikawa chini ya gramu 3.5 kwa desilita. Ndiyo maana sipendi kumwambia mgonjwa "punguza uzito kisha urudi" bila mpango. Atajinyima chakula miezi miwili, atarudi amekonda kidogo, lakini hana protini ya kufungia kidonda. Uzito uliopita kiwango, hasa BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya zaidi ya 40, huongeza hatari kweli. Upunguzwe taratibu, akiwa anakula protini ya kutosha, mtaalamu wa lishe akishirikishwa.

Upungufu wa damu utafutwe mapema ili utibiwe kwa madini ya chuma na kwa kutibu chanzo. Kuongezewa damu baada ya upasuaji huandamana na maambukizi zaidi, kwa hiyo damu nzuri ya kuanzia ni kinga.

Kisha mkague mgonjwa mwili mzima, nguo za chini na soksi zikiwa zimevuliwa. Angalia meno yaliyooza na fizi zinazotoa usaha, vidonda vya miguu, fangasi katikati ya vidole, majipu, mikwaruzo ya kujikuna, ngozi iliyochubuka kwenye mikunjo ya kinena. Meno yatibiwe kabla. Kidonda wazi kwenye mguu utakaopasuliwa ni sababu tosha ya kuahirisha. Mkojo ni habari nyingine: asiye na dalili zozote hahitaji kupimwa mkojo wala kutibiwa bakteria waliokutwa humo kwa bahati. Kumpa dawa hakumkingi goti lake, na kunazalisha usugu.

Uliza kuhusu sindano za steroidi ndani ya kiungo. Kama alichomwa hivi karibuni, upasuaji usubiri mpaka miezi mitatu ipite. Wenye baridi yabisi waendelee na dawa yao ya methotrexate. Dawa za kibayolojia, zile zinazolenga protini maalumu za kinga ya mwili, ndizo zinazosimamishwa: upasuaji upangwe mwishoni mwa mzunguko wa dozi, dozi inayofuata irukwe, na dawa irudishwe kidonda kikishafunga, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi. Wanaoishi na VVU wanaotumia dawa vizuri, virusi vikiwa vimefubazwa, wasinyimwe upasuaji kwa sababu hiyo. Hakikisha tu umeona majibu ya karibuni ya wingi wa virusi.

Jambo la mwisho kliniki ni mzio wa penisilini. Usiandike tu "ana mzio" ukapita. Muulize ilikuwa lini, alipatwa na nini, alitibiwa vipi. Wengi walioandikwa hivyo waliharisha, au walitoka vipele utotoni, na si mzio hasa. Sefazolini, antibayotiki ya kinga inayotumika zaidi katika upasuaji huu, ina umbo ambalo halifanani na la penisilini pale panapohusika na mzio, hivyo wengi wao wanaweza kuipokea salama. Wachache waliopata athari kali sana, kama ngozi kubambuka, wasipewe. Hii si hoja ya makaratasi: wanaopewa dawa mbadala badala ya sefazolini hupata maambukizi zaidi. Neno moja lililoandikwa ovyo kwenye faili linaweza kumfuata mgonjwa hadi mezani.

Hatua ya 2: Pua na ngozi, siku tano kabla

Karibu mtu mmoja kati ya watatu hubeba Staphylococcus aureus puani bila kuumwa chochote. Bakteria wanaotoka kwenye kidonda chake baadaye mara nyingi ni wale wale wa pua yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 nchini Uholanzi, ukiongozwa na Bode, uliwachukua wabebaji hao na kuwatibu kwa mafuta ya mupirosini, ambayo ni antibayotiki, puani na sabuni ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, mwilini. Maambukizi ya bakteria huyo yalishuka kutoka asilimia 7.7 hadi 3.4. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, linapendekeza mupirosini kwa wabebaji wanaokwenda kufanyiwa upasuaji wa mifupa.

Utaratibu ni mafuta ya mupirosini ya asilimia 2, kiasi kidogo kwenye kila tundu la pua, mara mbili kwa siku kwa siku tano, pamoja na kuoga kwa sabuni ya klorheksidini ya asilimia 4 kila siku. Bora kumpima kwanza na kumtibu mbebaji tu, kwa sababu mupirosini ikitumika kwa kila mtu huzaa usugu. Pasipo na maabara ya kupima, au muda ukiwa umekwisha, ayodini ya puani muda mfupi kabla ya upasuaji ni njia inayotumika.

Mwonyeshe mgonjwa kwa vitendo. Mafuta yaingizwe kwa pamba ya kijiti, pua ibanwe na kusuguliwa taratibu kama dakika moja. Sabuni ipakwe kuanzia shingoni kwenda chini, ikae mwilini dakika chache ndipo isuuzwe, isiguse macho, masikio wala sehemu za siri za ndani. Baada ya kuoga asijipake losheni wala mafuta.

Hatua ya 3: Usiku wa kuamkia siku yenyewe

Aoge usiku na asubuhi, ajifute kwa taulo safi, avae nguo safi, alalie shuka safi.

Nywele ziachwe. Wembe hukwangua ngozi na kuacha vijeraha visivyoonekana kwa macho, na bakteria hujaa humo usiku kucha. Wagonjwa wengi hujinyoa nyumbani kwa nia njema kabisa, wakidhani wanamsaidia daktari, kwa hiyo waambiwe mapema na kwa maandishi. Kama nywele zinazuia kazi, zikatwe kwa mashine ya umeme, siku ya upasuaji, nje ya chumba cha upasuaji.

Hatua ya 4: Antibayotiki na saa ya ukutani

Lengo ni moja: kisu kinapogusa ngozi, dawa iwe tayari imejaa kwenye damu na nyama za eneo hilo, na ibaki hivyo mpaka mshono wa mwisho. Dawa iliyofika baada ya bakteria kujishika imechelewa, hata kama ni ya saa hiyo hiyo.

Kwa sefazolini, mtu mzima hupewa gramu 2, na mwenye kilo 120 au zaidi gramu 3. Ichomwe ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Ikichomwa dakika mbili tu kabla, ni mapema mno kuanza kukata; ikichomwa saa tatu kabla, dawa imeshaanza kuisha. Vankomisini, antibayotiki mbadala, huanza mapema zaidi, ndani ya saa mbili kabla, kwa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu ya polepole ya saa moja au zaidi. Ikikimbizwa, mgonjwa hugeuka mwekundu na shinikizo la damu kuporomoka.

Vankomisini ndiyo inayowavuruga wengi. Mgonjwa anafika mlangoni, timu iko tayari, ndipo mtu anakumbuka kwamba huyu anatakiwa vankomisini. Chupa inatundikwa, mguu unapakwa dawa, na kisu kinaingia robo ya dripu ikiwa imeshuka. Kwenye fomu itaandikwa "imetolewa kabla ya upasuaji", na haitakuwa uongo, ila haikumkinga mtu. Dawa hiyo ianzishwe wodini au kwenye chumba cha kusubiria, na mgonjwa asiitwe mpaka muuguzi aseme imeanza saa ngapi.

Kwa goti kuna mtego mwingine, mkanda wa kubana paja ili damu isishuke. Ukishajazwa hewa, damu haifiki chini, na dawa haifiki pia. Dawa yote iwe imeshaingia kabla mkanda haujajazwa.

Sefazolini irudiwe saa nne baada ya dozi ya kwanza kama upasuaji bado unaendelea, au mapema zaidi damu ikipotea zaidi ya lita moja na nusu. Mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mwenye kazi ya kuangalia saa hiyo. Kazi ya wote haina mwenyewe.

Baada ya mshono wa mwisho, acha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na ule wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wa 2017 inakubaliana kwamba kuendeleza dawa baada ya kidonda safi kufungwa hakuna faida. Vidonge vya siku saba "kwa usalama" havikingi kidonda. Vinamharisha mgonjwa na kuzalisha bakteria sugu.

Hatua ya 5: Ngozi mezani, mikono ya timu

Dawa bora ya ngozi kwa sasa ni klorheksidini iliyochanganywa na alkoholi. Ayodini yenye alkoholi inafuata kwa karibu. Ile ya maji tupu, bila alkoholi, ibaki kwa sehemu ambazo alkoholi haifai.

Tuchukue goti. Mguu hauelei wenyewe; lazima mtu aushike kwa kisigino wakati mwingine anapaka, na huyo anayeshika ndiye chanzo cha makosa mengi. Anachoka, anashusha mkono, ngozi iliyopakwa inagusa shuka. Tumia kishikilio cha mguu kama kipo. Anza pale mpasuo utakapopita, paka kwenda na kurudi, kisha endelea nje kuelekea paja na ndama. Ngozi kavu isuguliwe nusu dakika. Kinena, kwa kuwa kina unyevunyevu na bakteria wengi, kisuguliwe dakika mbili, kwa sponji ya peke yake, na kiwe cha mwisho. Sponji iliyogusa kinena hairudi gotini. Unyayo ni mchafu kuliko sehemu nyingine ya mguu hata baada ya kuoga mara mbili, kwa hiyo ufunikwe kwa soksi tasa iliyobandikwa vizuri.

Halafu subiri. Dawa hii inaua vizuri zaidi inapokauka, na inahitaji angalau dakika tatu kwenye ngozi isiyo na nywele, zaidi kwenye nywele. Kuipangusa kwa kitambaa ili uharakishe ni kuiondoa kazini. Angalia pia chini ya mkanda wa paja: alkoholi ikitiririka na kutuama pale inaunguza ngozi, na ikikutana na cheche ya mashine ya kukaushia damu inawaka moto.

Plastiki ya kubandika juu ya ngozi, ikiwa haina dawa, haizuii maambukizi. Ukitaka kubandika, tumia yenye ayodini.

Mikono ya timu: kucha fupi, bila pete, bila saa, bila kucha za bandia. Sabuni na maji mwanzoni mwa siku au mikono ikiwa na uchafu, baadaye alkoholi ya kusugulia mikono hadi viwiko kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, na mikono ikauke kabisa kabla ya glavu. Brashi ngumu huchubua ngozi, iachwe.

Hatua ya 6: Chumba chenyewe

John Charnley, aliyeanzisha upasuaji wa kisasa wa nyonga pale Wrightington, Uingereza, alianza miaka ya 1960 akiwa na maambukizi ya karibu wagonjwa 7 kati ya 100. Alijenga kibanda chenye hewa iliyochujwa, akabadilisha magauni, glavu na namna ya kushona, na mwisho wa muongo huo alikuwa chini ya mmoja kati ya 100. Uchunguzi mkubwa ulioongozwa na Lidwell, uliochapishwa 1982, ulionyesha hewa safi sana ikipunguza maambukizi kwa nusu hivi. Lakini takwimu za miaka ya karibuni, zilizokusanywa wakati antibayotiki za kinga zimekuwa desturi, hazionyeshi tena faida hiyo, na mwongozo wa 2016 wa Shirika la Afya Duniani unashauri mitambo ya hewa ya mkondo mmoja isitumike kwa lengo hili. Ukiwa nayo, itunze. Usipokuwa nayo, usijione huna la kufanya.

Mlango una cha kukufundisha zaidi. Kila unapofunguka, mpangilio wa hewa unavurugika na mtu mwenye chembe za ngozi na nywele anaingia. Mwambie mwanafunzi akae pembeni upasuaji mmoja na aandike kila ufunguaji na sababu yake. Utakuta mlango umefunguliwa kwa ajili ya saizi ya kiungo iliyosahaulika, simu, kupokezana chai, mtu aliyechungulia kuuliza zamu inaisha lini. Karibu zote zinazuilika kwa kupanga vifaa mapema na kubandika karatasi mlangoni. Watu wapunguzwe, maongezi yapunguzwe.

Kuhusu vifaa: fungua trei karibu na muda wa kuzitumia, na upasuaji ukichelewa zifunike kwa shuka tasa. Ufungio wenye tundu, hata dogo kama la pini, unarudi kutakaswa. Trei iliyotoka kwenye otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke, ikiwa na maji ndani haitumiki. Kagua kiashiria cha ndani ya trei, si utepe wa nje peke yake. Kiungo bandia kifunguliwe saizi ikishathibitishwa kwa sauti na tarehe ya mwisho ikisomwa, kisiguswe na ngozi ya mgonjwa, na kikabidhiwe kwa glavu mpya.

Glavu zivaliwe mbili mbili, ya ndani ikiwa na rangi tofauti ili tundu lionekane mara moja. Mifupa na nyaya huzitoboa bila mwenyewe kuhisi. Ya nje ibadilishwe baada ya kutandika mashuka, kabla ya kugusa kiungo bandia, baada ya saruji ya mifupa, na kila baada ya saa moja hivi. Ncha ya mashine ya kufyonza damu huvuta hewa ya chumba pamoja na vilivyomo. Izimwe isipotumika, na ibadilishwe kabla ya kuingizwa ndani ya mfupa wa paja.

Na zile kofia zenye feni? Zinamkinga mvaaji dhidi ya damu, jambo jema. Kwamba zinamkinga mgonjwa, ushahidi haujasimama.

Hatua ya 7: Joto, sukari, damu

Joto la mwili lisishuke chini ya nyuzi 36. Mwaka 1996 Kurz na wenzake waliwalinganisha wagonjwa wa upasuaji wa utumbo mpana: walioachwa wapoe walipata maambukizi ya kidonda asilimia 19, waliopashwa joto asilimia 6. Anza kumfunika na kumpasha joto kabla hajafika mezani, kwa sababu akishapoa, kumrudisha huchukua muda. Sukari ibaki chini ya 200 mg/dL, yaani 11.1 mmol/L, awe na kisukari au asiwe nacho. Asidi ya traneksamiki hupunguza kuvuja damu, na damu kidogo iliyovilia ni chakula kidogo kwa bakteria.

Hatua ya 8: Kuosha na kufunga

Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi ya kutosha. Timu nyingi huongeza ayodini ya povidoni tasa iliyozimuliwa hadi asilimia 0.35, wanaiacha dakika tatu, kisha wanaiosha kabla ya kufunga. Iwe ile iliyotakaswa kwa matumizi ya ndani ya kidonda, si chupa ya kupakia ngozi iliyokaa wazi rafuni. Kumwaga antibayotiki ndani ya maji ya kuoshea sikushauri. Saruji ya mifupa yenye antibayotiki ya jentamisini hutumika sana, hasa kwa wenye hatari kubwa na kwa upasuaji wa kurudia.

Kufunga kusiachiwe mchovu. Tabaka la kiungo lifungwe lisipitishe maji, mafuta ya chini ya ngozi yakutanishwe, kingo za ngozi zigusane bila kuvutwa. Kidonda kinachovuja siku ya nne mara nyingi kilianza hapa.

Hatua ya 9: Wodini, na kidonda kinachovuja

Bandeji iliyowekwa kwenye chumba cha upasuaji isifunguliwe kwa udadisi. Kama ni kavu na imeshika, inaweza kukaa hadi siku saba. Ikiloa hadi ukingoni au ikibanduka, ibadilishwe kwa mikono safi na vifaa tasa, siyo kitandani wakati shuka zinakung'utwa jirani.

Siku mbili za mwanzo, majimaji kidogo yenye damu si ajabu. Yakipita saa 72, kidonda kiwe kwenye ubao wa wodi na daktari mkuu ajue. Utafiti wa Patel wa 2007 ulikuta kila siku ya ziada ya kuvuja inaongeza hatari ya maambukizi kwa asilimia 42 kwenye nyonga na 29 kwenye goti.

Fanya haya: punguza kukunja goti kwa siku moja au mbili, weka bandeji ya kukandamiza, kagua dawa ya kuzuia damu kuganda kama dozi imezidi, kagua lishe na sukari. Weka alama ya kalamu kwenye bandeji, pamoja na saa, ili zamu inayofuata ione kama doa limekua. Neno "inavuja kidogo" halina maana kwa mtu aliyeingia zamu ya usiku.

Kikiendelea kuvuja kati ya siku ya tano na ya saba, mgonjwa arudi mezani kufunguliwa na kuoshwa. Hapa ndipo madaktari wazuri hukwama. Hakuna anayependa kumrudisha mgonjwa wake, kwa hiyo anaandika vidonge vya antibayotiki na kusema tuangalie wiki ijayo. Vidonge hivyo ni vibaya kuliko kutofanya lolote. Vinapunguza homa na wekundu, vinafanya sampuli zisioteshe kitu maabara, na chini yake utando unakomaa. Vivyo hivyo pamba ya kufuta usaha wa juu ya ngozi: itaotesha wakazi wa ngozi na kukupoteza. Ukihofia maambukizi ya kina, maji yatolewe ndani ya kiungo kwa sindano, kwa usafi wote, kabla ya dozi ya kwanza ya dawa, mradi mgonjwa hajazidiwa.

Hatua ya 10: Nyumbani

Mgonjwa aondoke na namba ya simu inayopokelewa na maelekezo haya: apige simu kidonda kikianza kutoa maji baada ya kuwa kimekauka, wekundu ukienea, homa ikija, au maumivu yaliyokuwa yanapungua yakigeuka na kuongezeka. Asianze antibayotiki yoyote aliyopewa na jirani au duka la dawa kabla ya kuonwa na timu iliyompasua. Kidonda kisipakwe mafuta, majivu wala dawa ya mitishamba, na kisilowekwe kwenye maji ya bwawa au beseni mpaka kifunge kabisa.

CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, hupanda hadi kilele siku ya pili au ya tatu baada ya upasuaji kisha hushuka. Kipimo kimoja kilicho juu hakisemi mengi. Kilichoshuka kisha kikapanda tena kinasema. Maambukizi yakithibitishwa ndani ya wiki nne za mwanzo, mara nyingi kiungo kinaweza kuokolewa kwa kufunguliwa, kuoshwa, kubadilishiwa vipande vya plastiki na kupewa antibayotiki kwa wiki kadhaa. Kila siku ya kusubiri inapunguza nafasi hiyo.

Kabla ya kung'oa jino miaka ijayo, mwenye kiungo bandia kwa kawaida hahitaji antibayotiki. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani, ADA, kilishauri hivyo mwaka 2015. Kinachohitajika ni kutibu mapema jipu, kidonda cha mguu au ugonjwa wa mkojo wenye dalili, kwa kuwa bakteria wanaweza kufika kwenye kiungo kwa njia ya damu hata baada ya miaka.

Hatua ya 11: Kuhesabu

Wafuatilie wote hadi siku ya 90, wakiwemo waliohamia hospitali nyingine na wasiorudi kliniki. Simu moja inatosha. Anayepata maambukizi, toa faili lake ndani ya wiki hiyo na usome mambo haya: HbA1c, dawa na dakika iliyochomwa, dakika kisu kilipoanza, joto la chini kabisa, muda wa upasuaji, nani alikuwa chumbani, siku kidonda kilipokauka. Lisomwe mbele ya watu wa wodi, chumba cha upasuaji na chumba cha kutakasia vifaa wakiwa wamekaa pamoja, bila kutafuta wa kulaumiwa. Mahali ambapo saa ya dawa haikuandikwa, ihesabiwe kuwa haikutolewa kwa wakati.